Shemeji anasema hatujamdanganya mtu

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makambako, mkoani Njombe. Mimi, mume wangu na mdogo wake tunasaga na kufungasha unga wa lishe. Tulianzia jikoni kwangu kwa mkopo wa kikoba, leo tunauza kwenye maduka ya hapa mjini, Njombe na mpaka Mafinga.

Tulipoanza, katika kilo 100 tuliweka mahindi 55, mchele na ulezi 10, soya 20 na karanga 15. Karanga zilipopanda bei shemeji akashauri tupunguze, tukapunguza kidogo kidogo. Leo katika kilo 100 mahindi ni 82, mchele na ulezi 10, soya 5, karanga 2, na mbegu za maboga 1 kwa sababu siku hizi watu wanazipenda. Mfuko tuliochapisha mwaka jana una picha ya kikapu kilichojaa karanga, soya na mbegu za maboga. Hindi halionekani. Juu yake tumeandika kwa herufi kubwa “SOYA, KARANGA, MBEGU ZA MABOGA”, na chini “Haina kolesteroli”. Nyuma tumeorodhesha viambato vyote kwa mpangilio unaotakiwa, mahindi yakiwa ya kwanza. Hakuna neno la uongo hata moja.

Juzi nilimpeleka mwanangu wa mwisho kliniki. Jirani yangu wa mtaa wa pili alikuwa mbele yangu na mtoto wake wa miezi 11, ambaye kwenye kadi ametoka kijani na kuingia kijivu. Muuguzi akamuuliza anampa nini. Akajibu kwa furaha: “Uji wa lishe wa huyu dada hapa. Una karanga na soya tayari, kwa hiyo siku hizi simwekei tena karanga wala dagaa.” Niliinamisha uso.

Nilipomweleza mume wangu akasema nizungumze na mdogo wake. Shemeji akanijibu: “Hatujamdanganya mtu. Kila kitu kimeandikwa nyuma, asiyesoma shauri yake. Na kampuni kubwa zote zinafanya hivyo.” Sina la kumjibu, lakini moyo haujatulia. Nijitoe kwenye biashara? Ninyamaze? Ada za watoto zinatoka humo humo.

S.K., Makambako

Mwanangu S.K., marahaba, na pole kwa mzigo ulioondoka nao kliniki. Nikuondolee kwanza woga mmoja. Kuinamisha uso mbele ya jirani yako si dalili kwamba u mtu mbaya. Wapo ambao wangesikia maneno yale wakatoka wanachekelea kwamba bidhaa yao inasifiwa mpaka kliniki. Wewe umekosa utulivu, ukachukua kalamu. Usikubali mtu akuambie kwamba unajisumbua bure.

Shemeji yako nisimhukumu kwa barua ya upande mmoja. Karanga hamzivuni hapo kwenye baridi yenu. Mnangoja zitoke Dodoma, Singida au Tabora, na kila mkono zinaopitia unaongeza chake. Bei inapanda, kikoba kinataka marejesho, mtu anaangalia gunia la karanga anaona ndilo linalomla. Alipunguza kidogo, hakuna aliyelalamika. Akapunguza tena. Watu wengi waaminifu wamefika pabaya kwa mwendo huo huo wa hatua fupi fupi. Naamini siku ile mliyoanza ungemwambia, “Tuweke kilo 2 za karanga, halafu tuchore karanga mfuko mzima,” angekuwa wa kwanza kukataa.

Kwa hiyo katika barua hii hakuna mwizi. Ila lipo jambo ambalo si sawa, na tutaliangalia bila kupepesa macho.

Tuupime uji wenyewe

Chukua mzani mdogo, upime unga wa kikombe kimoja cha uji wa mtoto wa miezi 11. Ni vijiko viwili vikubwa hivi, tuseme gramu 20. Kwa mchanganyiko wenu wa leo, humo karanga ni gramu 0.4. Punje moja ya karanga ina uzito wa karibu nusu gramu. Basi mtoto wa jirani yako, akimaliza kikombe kizima mpaka akakikwangua, hajapata hata punje moja ya karanga. Mbegu za maboga ni gramu 0.2. Soya ni gramu 1. Zilizobaki, zaidi ya gramu 18, ni mahindi, mchele na ulezi. Kwa mchanganyiko wenu wa zamani kikombe hicho hicho kilikuwa na gramu 3 za karanga na gramu 4 za soya.

Tusogee kwenye protini. Gramu 100 za unga wa mahindi zina protini gramu 8 au 9. Za karanga karibu gramu 25. Za soya zinapita 35. Ukikokotoa kwa namba ulizonipa, gramu 100 za unga wenu wa mwanzo zilikuwa na protini gramu 16 hivi. Za leo zina gramu 10 hivi. Dona tupu ina hizo 8 au 9. Yaani mmebaki hatua moja tu juu ya dona, na bei mnayotoza ni ya unga wa lishe. Tena protini ya mahindi ina kasoro yake, ina upungufu wa laisini, na soya ndiyo huja kuuziba. Mlipoipunguza soya mlipunguza na kile kilichokuwa kinayafanya mahindi yamfae mtoto zaidi. Na mchele na ulezi havilipi pengo hilo, kwa sababu vyote viwili ni nafaka kama mahindi, kundi moja la chakula.

Sasa tazama mnauzia wapi. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa waliodumaa walizidi nusu, na Njombe yenu walikuwa nusu hivi. Hiyo si mikoa yenye njaa ya mahindi. Huko mahindi yanajaza maghala na malori yanayoshuka Dar es Salaam. Watoto wa huko wanakosa vile vitu vya pembeni, kunde, karanga, mayai, dagaa, maziwa, mboga na matunda. Mfuko wenu umechora kile ambacho mtoto wa Njombe anakikosa, halafu ndani umemwekea kile ambacho nyumbani kwao tayari kipo.

Sisemi unga wenu ndio uliomshusha mtoto yule kwenye kadi. Mtoto hushuka kwa kuharisha, kwa homa, kwa minyoo, kwa kulishwa mara chache, na muuguzi atalitafuta hilo. Ninachosema ni kwamba mama yake alikuwa anaweka karanga na dagaa, akaacha, na aliacha kwa sababu ya maneno yaliyoko mbele ya mfuko wenu. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili, hazirudi. Mtoto aliyezipita kwa uji wa mahindi hawezi kulipwa baadaye kwa kushibishwa darasa la kwanza.

Asiyesoma shauri yake

Hili neno la shemeji nalisikia kila mwaka. Nimelisikia kwa wauza asali, wauza juisi, wauza mafuta ya kupikia, hata kwa muuza sabuni. Hebu twende dukani tukalijibu.

Jirani yako amefika dukani jioni na mtoto mgongoni. Mwenye duka yuko nyuma ya nondo, mifuko imepangwa kwenye shelfu ukutani nyuma yake. Mama ananyoosha kidole: “Nipe ule wenye karanga.” Analipa, anapewa kwenye kifuko, anaondoka. Ule upande wa nyuma ameuona saa ngapi? Ataugeuza nyumbani, kama ataugeuza, chini ya taa, huku mtoto analia, na herufi mlizozibana zienee chini kabisa pembeni ya tarehe ya kuisha muda. Hata akizisoma, atakuta neno “karanga” limo, ataridhika. Hakuna asilimia inayomwambia kwamba karanga hizo ni kilo 2 katika 100.

Anayechapisha mfuko anajua vizuri mnunuzi anaangalia wapi. Ndiyo maana picha iko mbele. Kama shemeji angekuwa na hakika kwamba watu husoma nyuma, asingelipia rangi nne za kikapu cha karanga. Huwezi kulipia upande wa mbele ili uaminiwe, kisha ukaulizwa ukakimbilia upande wa nyuma. Aliyekuita kwa harufu ya pilau akakupakulia wali mkavu hajasema uongo kwa mdomo wake, lakini wewe uliyekaa mkekani unajua umefanyiwa nini.

Na hilo la kolesteroli lina madhara yake. Kolesteroli hupatikana kwenye vyakula vitokanavyo na wanyama. Unga wa mahindi wa mashine yoyote ya kusaga Tanzania nzima hauna, wala mchicha hauna, wala muhogo. Mmeandika kweli ambayo haiwatofautishi na yeyote, mkaiweka kama sifa yenu. Baya zaidi, mama akishalisoma anaanza kuliogopa yai. Mtoto wa miezi 11 anahitaji yai. Neno la kweli limewekwa mahali ambapo litamfanya mama aondoe kwenye sahani ya mwanawe chakula bora kuliko chenu. Lifuteni.

Kampuni kubwa zote zinafanya hivyo

Ni kweli zipo zinazofanya, na nitampa shemeji yako mfano ambao atadhani unamsaidia.

Kule Marekani Coca-Cola ilikuwa na kinywaji chini ya jina la Minute Maid, chupa imeandikwa kwa herufi kubwa komamanga na bluberi, matunda hayo yamechorwa juu yake. Ndani, juisi ya komamanga ilikuwa asilimia 0.3 na ya bluberi asilimia 0.2. Zaidi ya asilimia 99 ilikuwa juisi ya matufaha na zabibu. Kampuni nyingine, POM Wonderful, inayouza juisi ya komamanga yenyewe, ikashtaki mwaka 2008. Coca-Cola ikajibu kama shemeji yako, kwamba jina hilo linaruhusiwa na kanuni za lebo. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na wakili wa kampuni alipodai kwamba wanunuzi si wajinga, jaji mmoja akasema naye alidhani ile ni juisi ya komamanga. Mwaka 2014 majaji wote wanane waliosikiliza kesi wakakubaliana kwamba kufuata kanuni za lebo hakumkingi mtu asishtakiwe kwa kupotosha. Kesi ikarudi chini, na mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama likaipa Coca-Cola ushindi.

Shemeji atasema, “Si umeona, walishinda!” Walishinda, ndiyo, baada ya miaka minane ya kulipa mawakili. Wewe una mume wako, shemeji, mashine ya kusaga na deni la kikoba.

Mwonyeshe na wa pili. New Zealand, wasichana wawili wa miaka 14 walipima vitamini C kwenye kinywaji cha Ribena kwa ajili ya kazi ya sayansi shuleni. Tangazo lilikuwa likisema tunda linalotengenezea Ribena lina vitamini C mara nne ya chungwa, na walichokipata ndani ya kinywaji hakikulingana na sifa hiyo hata kidogo. Mwaka 2007 mahakama ya Auckland iliipiga GlaxoSmithKline, iliyokuwa ikitengeneza Ribena, faini ya dola 217,500 za New Zealand na kuiamuru itangaze masahihisho. Kampuni ile ilikuwa na maabara duniani kote, na ikaumbuliwa na watoto wa shule. Hapo Makambako kuna shule za sekondari zenye maabara na walimu wa kemia. Na kuna mama yeyote mwenye ungo na macho mazuri.

Sheria ni pana kuliko anavyodhani

Lebo kutokataliwa ofisini ni jambo moja, na kuwa salama kisheria ni jambo jingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inasimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Haikusema lazima pawe na neno la uongo. Kiwango cha kimataifa cha lebo za vyakula, kile cha Codex cha mwaka 1985 ambacho kimerekebishwa mara kadhaa, kinataka chakula kisielezwe kwa namna itakayompa mtu picha isiyo sahihi, na kinataka kiambato kilichotiliwa mkazo kwa maneno au kwa picha kiandikiwe asilimia yake. Sikutishi kwa hayo. Nataka ujue kwamba ile ardhi imara shemeji anayodhani amesimama juu yake ina mashimo.

Lipo swali ambalo barua yako haikuligusa. Mlipobadilisha mchanganyiko, mliwaarifu TBS, shirika la viwango? Usajili wa vyakula vya kufungashwa uko kwao tangu 2019. Kama kilichosajiliwa ni kile cha kilo 15 za karanga na kinachouzwa ni cha kilo 2, basi hamko tena kwenye mazungumzo ya “halali ila kinapotosha”. Mko pabaya zaidi. Liulizeni hilo nyumbani kwenu kabla hajaja mtu kuliuliza.

Ukinyamaza, ukijitoa

Kujitoa nakukataza, angalau kwa sasa. Ukijitoa mfuko unabaki vile vile dukani, uji unabaki vile vile kikombeni, na aliyebaki kwenye biashara ni yule asiyeona tatizo. Utakuwa umeusafisha moyo wako tu, na ada za watoto umezitupa.

Kunyamaza ndiko kunakovutia zaidi, maana hakugharimu kitu leo. Lakini tazama wateja wako ni akina nani. Hamuuzii watu msiowajua walioko nchi ya mbali. Mnawauzia akina mama mnaokutana nao msibani, kanisani, sokoni, kwenye mstari wa kliniki. Kila mwezi utasimama kwenye mstari ule na mtoto wako, na mwanao mwenyewe, ukisema kweli, humpi uji ule peke yake. Unamchanganyia. Unajua kilichomo. Wao hawajui. Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili: wewe unachokijua kinamlinda mwanao, na usichokisema kinamwacha wa mwenzio.

Tena usijidanganye kwamba siri ya mchanganyiko hudumu. Mnao vijana wa kupakia. Kuna anayewauzia karanga, anajua mlikuwa mkichukua magunia mangapi na sasa mnachukua mangapi. Siku neno likitoka mdomoni mwa mmoja wao, halitasema “walipunguza karanga kwa sababu ya bei”. Litasema “wale watu wanauza dona kwa bei ya lishe”. Mbio za neno la namna hiyo kati ya Makambako na Mafinga hakuna masahihisho yanayoweza kuzifikia. Heri lawama kuliko fedheha, mwanangu. Lawama utazipata nyumbani kwenu kwa wiki chache. Fedheha itakaa na jina lenu mpaka watoto wenu wakue.

Cha kufanya

Vifungashio vilivyobaki msivichome, najua vimekula pesa. Chapeni stika, zibandikeni mbele, juu ya ile picha, si pembeni. Ziandikwe: Mahindi asilimia 82, mchele na ulezi 10, soya 5, karanga 2, mbegu za maboga 1. Herufi ziwe za ukubwa ambao mtu aliyesimama nje ya nondo za duka anaweza kuzisoma. Stika hiyo hiyo iyafunike na yale maneno “Haina kolesteroli”.

Mkishaiona namba 82 imekaa mbele, nadhani shemeji mwenyewe ataona haiuziki kwa bei ile. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli ya biashara yanaanza, na ndipo ninapotaka muwe wafanyabiashara hasa. Tengenezeni unga wa aina mbili. Wa kwanza uwe wa bei ndogo, uitwe kwa jina lake, unga wa uji wa mahindi wenye soya kidogo, uchorwe hindi, uuzwe kwa familia inayotaka kifungua kinywa cha watu wazima. Si aibu kuuza unga wa mahindi. Wa pili urudi kwenye mchanganyiko wenu wa mwanzo, asilimia zikiwa mbele, bei ikiwa ile inayostahili. Mama akiona namba zote mbili kwenye shelfu moja, atachagua mwenyewe, na atajua anachagua nini. Wapo watakaochagua wa bei ndogo, na nyumbani wataendelea kumwekea mtoto karanga na dagaa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba zimo.

Kwenye soya sikubaliani kabisa na shemeji. Karanga naelewa, zinatoka mbali. Lakini soya inalimwa Nyanda za Juu Kusini, inalimwa Songea na Namtumbo, mko jirani nayo kuliko wasagaji wa Dar es Salaam. Kuishusha kutoka kilo 20 hadi 5 hakukuwa kwa ajili ya bei ya karanga. Hapo mlijaribu tu kama watu watagundua, na watu hawakugundua. Irudisheni kwanza soya, iliyochemshwa na kukaangwa inavyotakiwa, kabla hamjashughulika na kingine chochote. Karanga nazo mnaweza kuzinunua wakati wa mavuno, pamoja na wasindikaji wengine, badala ya kila mmoja kununua debe debe bei ikiwa imeshapanda. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, inawajua wasindikaji wenzenu, anzieni hapo.

Afisa lishe wa halmashauri yenu mwiteni auone mchanganyiko kabla hamjachapisha mfuko mpya. Ni kazi yake, na ushauri wake hamuulipii. Mwombeni awaambie pia maneno gani hayafai kuandikwa kwenye chakula ambacho akina mama watawapa watoto wachanga, kwani huko masharti ni makali zaidi.

Je, mtapoteza wateja? Mtapoteza. Sitakuficha. Miezi ya kwanza mwenye duka atalalamika kwamba mfuko wa jirani una picha nzuri zaidi na bei ndogo zaidi. Pangeni marejesho ya kikoba mkijua hivyo, na mwende kuzungumza na wanakikoba mapema, kabla hamjachelewesha. Kizuri chajiuza, walisema wazee, lakini hawakusema chajiuza wiki ya kwanza.

Namna ya kusema na shemeji

Usimwite mwongo. Usimfikishe kwa wanawake wenzako wala kwenye makundi ya simu. Mumeo amejaribu kulikwepa jambo hili kwa kukurusha kwa mdogo wake, usikubali. Yeye ndiye mkubwa, na jina lililoko kwenye leseni ni la familia. Mwombe akae, amwite mdogo wake, nawe uwepo, usiku mmoja ambao hakuna mgeni.

Usianze na maneno. Weka mezani mfuko mmoja, mzani, kikombe cha mtoto na sahani ndogo ya karanga. Pima gramu 20 za unga mbele yao, mimina kikombeni. Kisha chukua punje moja ya karanga, iweke kando ya kikombe, uwaambie: “Zote zilizomo humu hazifiki hii.” Halafu mgeuzie shemeji mfuko, upande wa mbele, anyamaze nao. Hesabu ikishaonekana kwa macho, mtu mwenye akili hahitaji kuhubiriwa, na shemeji yako, kwa jinsi alivyoikuza biashara, ana akili.

Akisema tena kwamba kila kitu kimeandikwa nyuma, mwulize swali moja tu: kama ni hivyo, ana shida gani ikiandikwa mbele? Mwache ajibu. Jibu lake litawaonyesha wote wawili, mumeo na wewe, mko na mshirika wa namna gani. Na kama akikataa katakata hata stika, hapo sasa, baada ya kujaribu, lile wazo lako la kujitoa litakuwa na maana. Mtagawana mali mbele ya baba mkwe kwa daftari na kwa amani, na jina lako litoke kwenye mfuko ule.

Nawe, mwanangu, usije ukaingia kikao hicho kama msafi aliyekuja kumwosha mchafu. Unga ule umeuchanganya kwa mikono yako. Ulijua kilo 15 zimekuwa 2, na ukala faida yake pamoja nao. Sikusemi ili nikuumize. Nasema ili shemeji asije akakuambia yeye, ukakosa la kujibu. Sema “tumefanya”, usiseme “umefanya”.

Kikao hicho kitapangwa, kitaahirishwa, mumeo atasema tungoje mwisho wa mwezi. Kuna jambo moja ambalo halingoji kikao, wala halihitaji ruhusa ya mtu. Mtoto wa jirani yako yuko kwenye kijivu, na leo jioni atapewa kikombe kile kile. Nenda kwake. Mwambie kwa mdomo wako kwamba karanga na soya zilizomo ni kidogo mno, kwamba arudishe karanga zake, arudishe dagaa, ampe na yai. Akiuliza kwa nini hukumwambia mapema, usitafute maneno. Mwombe radhi, mchukulie na bakuli la karanga za kusaga, kisha urudi nyumbani kwako. Nenda leo.